Jinsi Programu ya C Inavyosoma Maagizo Yake

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike juu ya kazi inayofanywa na Chama cha Kompyuta kila Jumatano baada ya masomo. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu wazazi kadhaa wameuliza ni faida gani watoto wao wanaipata kwa kukaa mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, pasipo picha wala muziki. Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inavyosoma maagizo inayopewa na mtu anayeiendesha. Jambo lenyewe ni dogo, walakini ndani yake mna funzo kubwa, na mwisho wake laweza kugusa ripoti ya mtoto wako.

Nitajitahidi kuandika kwa njia ambayo hata yule asiyepata kugusa kompyuta ataelewa. Mwenye kuijua C na avumilie kidogo hapa mwanzoni. Sehemu yake yaja.

MFANO WA MASHINE YA KUSAGA

Hakuna mtu wa Chitete asiyepata kwenda mashineni. Ukifika na mahindi yako, fundi hakuulizi mengi. Wewe mwenyewe ndiwe usemaye. Wasema, "Nikobolee kwanza," naye ajua kuwa wataka sembe. Usiposema hivyo, atasaga dona. Pengine waongeza, "Saga kilo tano tu, yanayobaki nitayarudisha nyumbani."

Sasa tazama maneno hayo yalivyo ya aina tatu. Aina ya kwanza ni mahindi yenyewe, yaani kitu kinachofanyiwa kazi. Aina ya pili ni neno "nikobolee". Neno hilo halihitaji kuongezewa kitu: ukilitaja, kazi hufanywa, usipolitaja, haifanywi. Aina ya tatu ni neno "kilo". Hilo peke yake halitoshi, mpaka lifuatwe na hesabu. Mtu akimwambia fundi, "Nisagie kilo," kisha akanyamaza, fundi atamtazama usoni akingoja amalize.

Programu nayo hupokea maneno ya aina hizo tatu. Agizo lisilohitaji nyongeza tutaliita chaguo tupu. Agizo linalohitaji nyongeza tutaliita chaguo lenye thamani, na nyongeza yenyewe tutaiita thamani. Kitu kinachofanyiwa kazi, ambacho mara nyingi huwa ni jina la faili, tutakiita mzigo. Tofauti kubwa ni kwamba fundi wa mashine ana macho na akili. Akisikia neno la ajabu, atauliza. Kompyuta haiulizi ila imefundishwa kuuliza. Isipofundishwa, itatenda lolote inaloona limeandikwa, hata kama ni kuharibu.

PROGRAMU YETU

Ili tusizungumze juu ya mambo ya hewani, chukua programu ambayo wanachama wameitengeneza muhula huu. Jina lake ni daraja. Kazi yake ni kusoma faili la alama za wanafunzi, kuzigeuza kuwa pointi, na kuandika daraja la kila mmoja kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kidato cha nne.

Kwa faida ya wazazi, utaratibu wenyewe ni huu. Alama 75 hadi 100 ni A, nayo ni pointi 1. Alama 65 hadi 74 ni B, pointi 2. Alama 45 hadi 64 ni C, pointi 3. Alama 30 hadi 44 ni D, pointi 4. Chini ya 30 ni F, pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, na pointi zake hujumlishwa. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 18 hadi 21 la pili. 22 hadi 25 la tatu. 26 hadi 33 la nne. Na 34 au 35 ni sifuri. Kwa hiyo pointi chache ndizo bora, kinyume cha alama.

Mwalimu anayetaka kuiendesha programu hii huandika mstari mmoja wa amri, kama huu:

./daraja -s -m 7 kidato4.txt

Chaguo -s ni chaguo tupu. Maana yake ni "siri": programu iandike namba za wanafunzi tu, majina yasionekane, ili karatasi iweze kubandikwa ukutani pasipo kumwaibisha mtu. Chaguo -m lina thamani. Maana yake ni "masomo", yaani masomo mangapi bora yahesabiwe. Tuliliweka kwa sababu majaribio mengine ya shuleni huwa na masomo matano au sita tu. Usipolitaja, programu hutumia 7. Lipo chaguo la tatu, -f, ambalo thamani yake ni jina la faili jipya la kuandikia matokeo. Na kidato4.txt ndiyo mahindi yetu, yaani mzigo.

MANENO YANAVYOFIKA

Mstari huo unapoandikwa, kwanza hupokewa na programu nyingine iitwayo sheli. Sheli huukata mstari vipande kila inapoona nafasi, kisha huvikabidhi vipande hivyo kwa programu yetu. Katika lugha ya C, vipande huingia kwa mlango uitwao main, navyo hufika na vitu viwili. Cha kwanza ni argc, yaani hesabu ya vipande. Cha pili ni argv, yaani orodha ya vipande vyenyewe, vikihesabiwa kuanzia sifuri.

Katika mfano wetu argc ni 5. Kipande argv[0] ni "./daraja", jina la programu yenyewe. Kipande argv[1] ni "-s", argv[2] ni "-m", argv[3] ni "7", na argv[4] ni "kidato4.txt". Baada ya hapo, argv[5] ni alama ya utupu iitwayo NULL, ishara kuwa orodha imekwisha.

Hapo msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali zuri.

"Samahani, Mwalimu. Hiyo 7 si namba? Mbona umeiweka ndani ya alama za kunukuu?"

"Umeona vema, mwanangu," nikamjibu. "Bado si namba. Ni umbo tu la herufi, kama vile ungechora 7 ubaoni. Programu yenyewe ndiyo itakayoigeuza kuwa namba."

"Na kistari, Mwalimu, kompyuta yakijua?"

"Haikijui. Kwa C, '-s' ni herufi mbili tu kama nyingine. Desturi ya kusema kwamba kistari chaonyesha chaguo ni mapatano ya watu."

Jibu hilo ndilo msingi wa habari yote. Lugha ya C yenyewe haijui chaguo ni nini. Yatupa orodha ya vipande, basi. Kuvipambanua ni kazi yetu.

MAPATANO YALITOKA WAPI

Mwaka 1969 mabwana Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za Bell huko Marekani, walianza kutengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Miaka michache baadaye, yapata mwaka 1972, Ritchie alitunga lugha ya C, na mfumo huo ukaandikwa upya kwa lugha hiyo. Programu za Unix zilikuwa ndogo ndogo na nyingi, kila moja na kazi yake, na kila moja ikiendeshwa kwa mstari wa amri. Desturi ya kuanza chaguo kwa kistari ilikua humo.

Walakini kila fundi alikuwa akiandika njia yake mwenyewe ya kusoma vistari hivyo. Programu moja ilikubali vitu ambavyo nyingine ilivikataa, na watumiaji wakachoka. Ndipo kikatengenezwa kipande cha programu cha kutumiwa na wote, kiitwacho getopt. Mwaka 1985 kampuni ya AT&T ilikitoa bure kwa umma. Baadaye kiliingizwa katika kanuni za POSIX, ambazo hufuatwa na mifumo mingi. Leo hii, ukiandika C katika kompyuta yenye Linux, getopt tayari imo. Huna haja ya kuinunua wala kuitengeneza.

GETOPT INAVYOFANYA KAZI

Sasa twaja kwa wale wenye kuijua C. Hii ndiyo sehemu ya programu yetu inayosoma machaguo. Mwanzoni mwa faili kuna mistari ya kuita stdio.h, stdlib.h na unistd.h.

int c, siri = 0;
long masomo = 7;
char *faili = NULL, *mwisho;

while ((c = getopt(argc, argv, ":sm:f:")) != -1) {
    switch (c) {
    case 's':
        siri = 1;
        break;
    case 'm':
        masomo = strtol(optarg, &mwisho, 10);
        if (mwisho == optarg || *mwisho != '\0'
            || masomo < 1 || masomo > 7) {
            fprintf(stderr, "daraja: -m yataka namba 1 hadi 7, si %s\n", optarg);
            return 2;
        }
        break;
    case 'f':
        faili = optarg;
        break;
    case ':':
        fprintf(stderr, "daraja: -%c haina thamani\n", optopt);
        return 2;
    default:
        fprintf(stderr, "daraja: sijui -%c\n", optopt);
        return 2;
    }
}
if (argc - optind != 1) {
    fprintf(stderr, "Andika: daraja [-s] [-m namba] [-f faili] alama\n");
    return 2;
}

Tuieleze polepole. Kila getopt inapoitwa, hurudisha chaguo moja tu. Ndiyo maana tunaiita ndani ya while, tena na tena, mpaka irudishe -1, maana yake "machaguo yamekwisha".

Maandishi ":sm:f:" ndiyo orodha ya machaguo tunayoyakubali. Herufi s haikufuatwa na nukta pacha, kwa hiyo ni chaguo tupu. Herufi m na f zimefuatwa na nukta pacha, kwa hiyo kila moja yataka thamani. Thamani hiyo getopt huielekeza kwa jina optarg.

Nukta pacha ya mwanzo kabisa, iliyotangulia s, ina kazi nyingine. Bila hiyo, getopt hujisemea yenyewe kila mtu akikosea, na maneno yake kwa kawaida hutoka kwa Kiingereza. Tukiiweka, getopt hunyamaza, ikatuachia sisi kusema. Tena hutusaidia kupambanua makosa mawili: thamani ikikosekana hurudisha nukta pacha, na chaguo likiwa geni hurudisha alama ya kuuliza. Katika hali zote mbili, herufi iliyoleta tabu huwekwa katika optopt. Kwa njia hii mwalimu au karani wa Chitete akikosea, ataambiwa kosa lake kwa Kiswahili. Jambo hili si geni nchini kwetu. Mwaka 2004 kazi ya Kilinux, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kama programu kubwa namna ile ziliweza kusema Kiswahili, yetu ndogo haina udhuru.

Kitanzi kinapokwisha, optind huonyesha kipande cha kwanza ambacho si chaguo. Kwa hiyo argc - optind ni hesabu ya mizigo iliyobaki. Sisi twataka mzigo mmoja, si pungufu wala zaidi.

Angalieni pia kwamba makosa yote yanaandikwa kwa stderr, si kwa njia ya kawaida ya matokeo. Hivyo, hata matokeo yakielekezwa kwenye faili, maonyo yatabaki mbele ya macho ya mtu. Na return 2 huiambia sheli kwamba kazi haikufanyika. Kazi ikifanyika vema, programu hurudisha sifuri.

KWA NINI UANGALIFU WOTE HUO

Msomaji aweza kusema, "Mwalimu, mbona mambo mengi kwa herufi tatu tu?" Nitajibu kwa mifano minne.

Kwanza, namba. Vitabu vingi huwafundisha wanaoanza kutumia atoi kugeuza maandishi kuwa namba. Hiyo atoi ni pole mno. Ukiipa neno "saba", yarudisha sifuri wala hailalamiki. Ukiipa "kidato4.txt", yarudisha sifuri vilevile. Sasa fikiri mwalimu ameandika ./daraja -m kidato4.txt kwa kusahau namba. Kwa kuwa -m yataka thamani, getopt itameza jina la faili na kulitoa kama thamani. Kwa strtol twajua: kielekezi mwisho hutuonyesha mahali usomaji ulipokomea. Kama kimebaki pale pale mwanzoni, hapakuwa na tarakimu hata moja. Kama hakikufika mwisho wa neno, kuna takataka zilizofuata namba. Ndipo twakataa.

Pili, namba iliyo sahihi kwa umbo lakini si sahihi kwa maana. Chukua mwanafunzi mwenye B moja, C tano na D moja. Pointi zake ni 2, na 15, na 4, jumla 21. Hilo ni daraja la pili. Kidole kikiteleza, mtu akaandika -m 6, ile D huachwa nje na jumla huwa 17. Seventini ingesomeka kuwa daraja la kwanza! Mzazi angechinja kuku kwa daraja ambalo mtoto hakulipata, na miezi michache baadaye, matokeo ya taifa yatokapo, nyumba ingejaa huzuni na lawama. Hakuna kanuni ya getopt iwezayo kuzuia hilo, kwa sababu 6 ni namba halali. Kwa hiyo tuliongeza sharti letu wenyewe: programu isiandike daraja ila masomo yawe 7 kamili. Yakiwa pungufu, huandika jumla ya pointi tu. Kusoma agizo sawasawa si mwisho. Yapasa kuuliza pia kama agizo lina maana.

Tatu, siri. Tuseme mtu ameandika ./daraja -f -s kidato4.txt, akisahau kutaja faili la matokeo. Je, getopt italalamika? La. Itachukua "-s" kuwa ndiyo jina la faili, kwa sababu -f yataka kipande kinachofuata, vyovyote kilivyo. Matokeo yataandikwa katika faili lenye jina la ajabu "-s", nalo chaguo la siri halitawekwa. Karatasi itatoka na majina yote, wakati mwalimu ana yakini kuwa yamefichwa. Mtoto aliyepata sifuri ataliona jina lake ukutani mbele ya shule nzima. Dawa yake ni ndogo: chini ya case 'f', kagua kama optarg[0] ni kistari, na ikiwa ndivyo, kataa. Na faili lile la ajabu huondolewa kwa kuandika rm -- -s. Vistari viwili vikiwa peke yake humaanisha "machaguo yameishia hapa, yanayofuata ni mizigo". Hiyo nayo ni sehemu ya mapatano, na getopt huiheshimu.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni kupotea kwa alama. Katika shule moja niliyofundisha kabla ya kuja huku, palikuwa na programu ya namna hii iliyoletwa na mtu wa nje. Aliyeiandika alifungua faili la matokeo pale pale ndani ya kitanzi, mara alipokutana na chaguo lake, tena kwa njia ya "w", ambayo hufuta kila kilichomo. Siku moja karani akasahau jina la faili la matokeo, na jina la faili la alama likamezwa mahali pake, kama tulivyoona. Kufumba na kufumbua alama za mtihani wa majaribio za kidato kizima zikawa zimefutika. Tulishukuru kwamba karatasi za majibu zilikuwa bado kabatini. Walimu wanne walikaa siku mbili wakiandika upya, na wazazi waliokuja kuchukua ripoti wakarudi mikono mitupu, wengine wakiwa wametembea mwendo mrefu.

Kutokana na kisa hicho, sheria ya kwanza katika chama chetu ni hii: ndani ya kitanzi, andika kumbukumbu tu, usitende. Tazameni tena msimbo hapo juu. Chini ya case 'f' tunaweka jina katika faili, basi. Hatulifungui. Kwanza tunamaliza kusikia maagizo yote, kisha tunayakagua yote, na mwisho ndipo tunatenda. Mtu akiandika ./daraja -f kidato4.txt, kitanzi kitakwisha, argc - optind itakuwa sifuri kwa kuwa hapana mzigo, na programu itakataa kabla ya kugusa faili lolote.

Tena tuliongeza kufuli la pili. Tunapofungua faili la matokeo, twatumia fopen(faili, "wx"). Herufi hiyo x iliingizwa katika kanuni ya C ya mwaka 2011. Maana yake, kama faili lipo tayari, fopen ikatae. Hivyo hata mtu akitaja faili la alama mara mbili, kama matokeo na kama mzigo, alama zitasalimika. Afadhali programu igome kuliko ifute.

MAMBO MADOGO YA KUKUMBUKA

Machaguo yaweza kuunganishwa. Ukiandika -sm7, getopt huelewa kama -s -m 7: s ni tupu, kisha m huchukua mabaki ya kipande kuwa thamani yake. Lakini ukiandika -ms7, m itameza "s7", na ukaguzi wetu utaikataa.

Katika Linux ya kawaida, getopt huruhusu chaguo kuja baada ya mzigo, kama ./daraja kidato4.txt -s. Mifumo mingine hairuhusu. Getopt husimama inapokutana na mzigo wa kwanza. Huko "-s" ingehesabiwa kuwa mzigo wa pili. Hesabu yetu ya argc - optind ingeonyesha 2 na programu ingekataa, wala isingeandika majina kimya kimya. Walakini zoeeni kutanguliza machaguo, ndipo mtakuwa salama kila mahali.

Jina la faili lenye nafasi katikati, kama kidato 4.txt, sheli hulikata vipande viwili. Litieni ndani ya alama za kunukuu, au bora zaidi msitumie nafasi katika majina ya mafaili.

Wapendao machaguo ya maneno marefu, kama --siri badala ya -s, watumie getopt_long, iliyotengenezwa na watu wa GNU. Kazi yake ni ile ile, na sheria ya kutotenda ndani ya kitanzi ni ile ile.

NENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Wazazi wetu, hivyo ndivyo watoto wenu wanavyofanya mbele ya kile kioo cheusi. Wanajifunza kusikiliza agizo lote kabla ya kunyanyua mkono, kukagua neno walilopewa kabla ya kuliamini, na kusema wazi "sijaelewa" badala ya kubahatisha. Mtoto mwenye tabia hizo atafaa, awe karani wa forodha Tunduma, muuguzi wa zahanati, au mwenye mashine yake ya kusaga.

Wanafunzi, nawaachieni zoezi la likizo, nalo halihitaji umeme. Chukueni karatasi, andikeni mistari hii mitatu, kisha kwa kila mmoja elezeni thamani za argc, siri, masomo, faili na optind, na mseme kama programu itakubali au itakataa:

./daraja -m 5 -s kidato2.txt
./daraja -sf ripoti.txt kidato4.txt
./daraja -m 7a -- kidato3.txt

Atakayeleta majibu yote matatu pamoja na sababu zake, si majibu matupu, atapewa nafasi ya kuongeza chaguo la nne katika programu yetu muhula ujao. Milango ya chama ii wazi kwa wavulana na wasichana wa vidato vyote. Kuuliza si ujinga.